Tepu Nyeusi kwenye Dashibodi

Kila asubuhi, kabla ya saa moja, Konda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia garini. Alifungua mlango wa mbele upande wa abiria, akajitumbukiza ndani na kuufunga upesi, kama mtu anayezuia kuku wasitoke bandani. Alifunga mkanda. Kisha alinyoosha mkono hadi kwenye kishikio kidogo kilicho chini ya redio, kile cha kusukuma kushoto na kulia, akahakikisha kimesukumwa kulia hadi mwisho. Hapo ndipo alipovuta pumzi.

Konda halikuwa jina lake la shuleni. Ni Baba aliyempachika, na mtaa mzima ukalipokea. Baba alikuwa dereva wa teksi, na kila alipompeleka shule alimwachia msichana huyu madaraka ya dashibodi yote, isipokuwa usukani. "Konda, tupe upepo," angesema, naye angezungusha swichi ya feni. "Konda, kioo kinaota ukungu," naye angeelekeza hewa kwenye kioo cha mbele, awashe kiyoyozi, asukume kile kishikio kushoto ili hewa kavu ya nje iingie. Kushoto palichorwa gari na mshale unaotoka nje kuingia ndani. Kulia palichorwa gari na mshale unaozunguka humohumo ndani. Konda alizijua alama zile kabla hajajua jedwali la saba.

Taa za dashibodi nazo alifundishwa. "Nyekundu ni polisi," Baba alimwambia. "Akikuonyesha mkono unasimama, hubishani naye. Njano ni mwalimu wako, anakuonya. Usikimbie, lakini usimpuuze. Kijani na buluu hao ni majirani, wanakusalimia tu." Gari lao halikuwa na mshale wa kupima joto la injini. Lilikuwa na taa moja yenye picha ya kipimajoto kilichosimama majini. Asubuhi iliwaka buluu, maana yake injini bado ina baridi, na ikipata moto ilizima. Ikiwaka nyekundu, injini inachemka.

Miezi minne iliyopita Baba alifariki. Hospitali ilisema ni moyo. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki pale kituoni, anasubiri abiria, gazeti limefunguliwa magotini.

Watu walilia sana. Konda hakulia, wala hakuwa anajikaza. Chozi halikuja, basi. Ndani yake palikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi: unajua upo, unaushika, unaona ni wako, lakini husikii kitu. Alikula alipoambiwa ale. Aliandika alichoandika mwalimu ubaoni. Alipoulizwa hali alijibu "sijambo", na alijibu vizuri hivyo hivyo kila siku mpaka watu wakaacha kuuliza.

Mahali pamoja tu ndipo aliposikia kitu kidogo, napo ni garini. Mle ndani mlikuwa na harufu ya utamutamu, kama ya peremende iliyoyeyuka mfukoni, yenye mafuta kwa mbali. Ilikuwa harufu ya mikono ya Baba. Konda aliijua tangu akiwa mdogo, mikono ile ilipokuwa ikimfunga vifungo vya sweta. Ndiyo maana alifunga mlango upesi, hakuteremsha kioo, na kile kishikio alikisukuma kulia. Hewa ya ndani izunguke humohumo ndani. Ikitoka, itatoka na Baba.

Hakumwambia mtu jambo hili. Lilikuwa jambo la kipumbavu, na alilijua hivyo, lakini alilishika.

*

Siku hizi aliyeendesha gari ni Mama. Leseni yake ilikuwa imelala kabatini miaka saba, pamoja na vyeti vya kuzaliwa, na alipoitoa ilikuwa mpya kabisa. Asubuhi alimpeleka mzee mmoja zahanati, kisha Konda shuleni, halafu akaenda kutafuta abiria wengine. Aliushika usukani kwa mikono miwili, amekaza shingo, macho mbele, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Dashibodi hakuitazama kabisa. Alisema zile taa zinamchanganya.

Wala hakulipenda gari. Wiki ya kwanza lilizima katikati ya barabara, madereva wakampigia honi, mmoja akamwambia arudi jikoni. Jioni ile, akiwa anakunja nguo, Mama alisema bila kupandisha sauti, "Siku litakaponiacha njiani tena, siku hiyohiyo nampigia yule mnunuzi aje alichukue."

Mnunuzi huyo alikuwepo kweli. Alikuwa amekuja mara mbili, akapiga magurudumu kwa kiatu, akaacha namba yake ya simu nyuma ya risiti. Mama aliibandika karatasi ile kwenye mlango wa friji. Konda aliiona kila alipokwenda kunywa maji.

Jumatatu moja mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye kona walimpakia mzee wao, fundi cherehani aliyestaafu, mtaa mzima unamwita Mzee Sindano. Alikuwa na kidonda mguuni kilichotakiwa kufungwa bandeji mpya kila siku, na mdomo usiohitaji bandeji hata siku moja.

"Shikamoo, Mzee," Konda alimsalimia.

"Marahaba, Konda wangu. Gari lenu leo limejaa?"

"Uko peke yako."

"Basi nipe kiti cha heshima." Akajilaza kiti cha nyuma, mguu wenye bandeji juu ya kiti.

Hawakufika mbali, kioo cha mbele kikaota ukungu. Watu watatu wanapumua, nje mvua, na hewa imefungiwa ndani. Mama alikuwa na kitambaa mapajani, akawa anafuta huku anaendesha. Kitambaa kiliacha alama za mafuta kwenye kioo, kila anapofuta panazidi kuwa kama pamepakwa siagi.

"Konda, mwanangu, hakuna kitufe cha jambo hili?"

Konda alielekeza hewa kwenye kioo, akawasha kiyoyozi, akaongeza feni. Kile kishikio hakukigusa. Ukungu ulipungua nusu, ile nusu nyingine ikabaki. Mama alisema ahsante.

Walipofika kwenye mlima mrefu unaoelekea zahanati, foleni ilisimama. Gari lilipanda hatua, likasimama, likapanda hatua. Hapo ndipo Konda alipoiona. Ile taa ya kipimajoto iliwaka nyekundu.

Alimtazama Mama. Mama alikuwa anatazama taa za nyuma za lori lililo mbele. Konda alifungua mdomo, na akilini ikamjia ile karatasi ya kwenye friji. Akaufunga mdomo. Alikaa tu, anaitazama ile taa jinsi anavyotazama mvua. Walipofika juu kilimani, taa ikazima yenyewe.

Walipofika zahanati, Mama alishuka kumshika mkono Mzee Sindano hadi mlangoni. Konda alibaki peke yake. Alifungua kisanduku cha mbele, akatoa tepu nyeusi ya umeme, ya Baba. Kwenye dashibodi tayari palikuwa na kipande kimoja cha tepu hiyo. Baba alikibandika mwaka jana juu ya taa ya njano ya mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga, taa iliyokataa kuzima. "Huyu mwalimu anapiga kelele bure," Baba alisema. "Nitamshughulikia nikipata nafasi." Nafasi haikupatikana.

Konda alikata kipande kwa meno, akakibandika juu ya ile taa ya kipimajoto, akakikandamiza kwa ukucha. Vikawa vipande viwili, jirani kwa jirani, utadhani vimebandikwa na mkono mmoja. Akarudisha tepu mahali pake.

*

Baba aliwahi kumfundisha ujanja wa njiani. Injini ikianza kuchemka na bado hujapata pa kusimama, zima kiyoyozi, zungusha swichi ya joto hadi mwisho kwenye nyekundu, feni yote. Ile hita ya garini hupata joto lake kutoka kwenye maji ya injini, kwa hiyo ukiifungua unaipunguzia injini mzigo. "Lakini ni ujanja wa kukufikisha pembeni mwa barabara," Baba alimwambia, "si wa kukufikisha mjini." Maneno hayo ya mwisho Konda aliyakumbuka vizuri. Aliamua kutoyafikiria.

Jumanne, walipoanza kupanda mlima, alizungusha swichi ya joto hadi mwisho.

"Jamani!" Mzee Sindano alilalama nyuma. "Mnanipeleka kufungwa bandeji au mnanikausha?"

"Konda, joto lote hili la nini?" Mama aliuliza.

"Nasikia baridi, Mama."

Ulikuwa uongo, na ulitoka laini kama "sijambo".

Jumatano alifanya vilevile. Alikuwa na viatu vilivyolowa. Zulia chini ya miguu yake lilikuwa na maji, akadhani ni ya mvua. Ile harufu tamu ilikuwa imezidi, tena imezidi sana, na Konda alifurahi kwa kiasi alichoweza kufurahi. Alifikiri kishikio chake kinafanya kazi.

Jioni, wakiwa wanarudi, Mama alisema ghafla, "Kulikuwa na kataa kadogo ka buluu, kalikuwa kananikaribisha asubuhi. Ndicho kitu pekee nilichokipenda kwenye gari hili. Siku hizi sikaoni."

"Labda injini siku hizi inaamka mapema."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, akakubali. Angekubali lolote. Konda alimwona kwa pembe ya jicho, amekonda mashavu, kitambaa cha kichwa kimefungwa upande, akajua kwamba Mama naye yuko mbali sana, mahali ambapo maneno yanafika yamechoka. Ilikuwa rahisi kumdanganya. Jambo hilo lilimchoma kidogo, kisha likapita.

*

Alhamisi mvua iliongezeka na foleni ya mlimani ilikuwa ndefu maradufu. Konda alizungusha swichi hadi kwenye nyekundu, feni yote, akaweka kiganja mbele ya tundu la hewa kama kawaida.

Hewa iliyotoka ilikuwa ya baridi.

Alidhani amekosea. Akaitazama swichi: iko kwenye nyekundu, mwisho kabisa. Akairudisha kwenye buluu, akaizungusha tena. Baridi. Akakumbuka maneno ya Baba: hita inapata joto lake kutoka kwenye maji ya injini. Kama haina joto, haina maji. Na kama haina maji, injini nayo haina.

"Leo angalau nitafika mbichi," Mzee Sindano alisema nyuma.

Konda alitazama kile kipande cha tepu. Juu kilimani kulikuwa bado mbali, magari hayasogei. Aliiwaza karatasi ya kwenye friji. Akaiwaza injini ya Baba ikiungua mle ndani bila mtu kuona, kwa kuwa yeye ndiye aliyefunika jicho lake. Hakuhisi ushujaa wowote. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukucha ukaingia chini ya tepu, ukavuta.

Taa ilikuwa inawaka nyekundu, haipepesi.

"Mama, simama."

"Nisimame wapi hapa?"

"Pembeni, Mama. Sasa hivi. Injini inachemka. Zima gari."

Labda ni ile sauti ya Konda, ya mtu anayeamuru. Mama aliwasha indiketa, akasogea pembeni hadi gurudumu likapanda ukingo wa barabara, akavuta breki ya mkono, akazima. Honi zilipigwa, naye hakuzisikiliza. Mvuke ulianza kutoka kwenye boneti, kwanza uzi mwembamba, kisha wingu zima.

Mama aliitazama taa, akakitazama kile kipande cha tepu kilichoning'inia kwenye kidole cha Konda.

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Uliibandika wewe?"

"Ndiyo, Mama."

Konda alisubiri kofi, au kelele. Angependa hata kelele. Mama alichukua kitambaa chake, akashuka kwenye mvua na kufungua boneti. Konda alipoona anazungushia kitambaa kifuniko cha rejeta, aliruka nje.

"Usifungue, Mama! Maji ya moto yatakurukia usoni! Baba alisema mpaka iweze kushikwa kwa kiganja!"

Mama aliondoa mkono. Wakasimama wote wawili mbele ya gari, mvua inawanyeshea, mvuke unawapanda usoni. Mzee Sindano alishuka taratibu na mwavuli wake, akawafunika wao, yeye akabaki nje.

"Mimi nimelowa tangu ujana," alisema. Kisha akamgeukia Konda. "Konda gani wewe, unashusha abiria njiani?" Lakini alisema kwa upole, na alipopata gari lingine la kumfikisha zahanati, aliwaachia mwavuli.

Mama alipiga simu. Konda alisikiliza kwa makini ajue ni nani. Hakuwa mnunuzi. Alikuwa fundi.

*

Fundi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba, aliyezoea kumtengenezea Baba gari kwa miaka mingi. Alilivuta gari kwa kamba hadi gereji yake, banda la mabati lenye sakafu nyeusi kwa mafuta, rafu za makopo, na redio iliyofungwa kwa waya. Alisubiri injini ipoe. Akamimina maji, akatazama chini, akafungua mlango wa abiria, akabonyeza zulia kwa kidole gumba, likatoa maji. Akakinusa kidole.

"Haya," alisema. "Nimempata mwizi."

Aliwaeleza huku ameshika tochi. Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo, ya hita. Ilikuwa imetoboka. Maji ya injini yalikuwa yanavuja humo, mengine yanashuka kwenye zulia, mengine yanakuwa mvuke na kutoka na upepo wa feni. Ndiyo maana vioo vilikuwa vinaota ukungu wenye mafuta.

"Na wewe ulikuwa unafungia hewa ndani," alimwambia Konda, akikigusa kile kishikio. "Ulikuwa unapika supu humu."

"Injini imekufa?" Mama aliuliza.

"Haijafa. Mngefika kileleni ingekuwa imeungua gasketi, tena pengine na kichwa cha injini kimepinda. Hapo mngeliacha hapa hapa, nikaliuza kwa vipuri. Aliyekwambia usimame amekuokolea gari." Akamtazama Konda. "Lakini huyohuyo ndiye angeliua. Mama yako amenieleza habari ya tepu. Jumatatu ingekuwa kazi ndogo."

Konda aliitazama sakafu.

"Dada, na mimi nilikwambia," fundi alimwambia Mama. "Miezi miwili iliyopita, ulipolileta. Nilijaza maji mwenyewe. Nikakwambia linavuja kidogo, uliangalie kila asubuhi, mwenzio alikuwa anaongeza kila siku kabla ya kutoka."

"Ulisema," Mama alijibu. "Siku zile nilikuwa nasikia sauti tu. Maneno nilikuwa siyasikii."

Fundi alichukua galoni kutoka rafuni, la maji ya rejeta yenye rangi ya kijani, akafungua kifuniko. Konda aliinua kichwa. Alisogea karibu bila kuambiwa.

Ilikuwa ile harufu. Utamutamu, peremende iliyoyeyuka, mafuta kwa mbali.

"Hii," alisema. "Hii ni harufu ya nini?"

"Ya maji ya rejeta, mwanangu. Ndivyo yanavyonuka. Ndiyo hiyo mliyokuwa mnavuta siku zote hizi, na si nzuri kwa kifua."

"Si ya Baba?"

Fundi alitaka kucheka. Aliona uso wa Konda, akaacha. Aliweka galoni chini. "Alikuwa anayamimina kila alfajiri," alisema. "Mikono yake haikukosa kunukia hivi. Mara ngapi nilimwambia alete gari nimtengenezee, akasema Jumatatu ijayo, Jumatatu ijayo. Aliona kuongeza ni rahisi kuliko kutengeneza."

"Ukitengeneza, itatoka?"

"Itatoka. Lazima itoke."

Konda alirudi nyuma hadi kwenye benchi, akakaa. Mama alikuja akakaa pembeni yake. Walimtazama fundi anavyofungua skrubu za dashibodi moja baada ya nyingine na kuziweka kwenye kopo.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama aliuliza mwishowe.

"Ulisema likikuacha njiani utampigia mnunuzi."

Mama alishusha pumzi. "Nilisema." Aliizungusha pete kidoleni. "Nilikuwa naliogopa gari, sikuwa na la kusema, nikasema hilo. Hata ile namba haisomeki sasa, wino umefutika na mvuke wa birika."

Kisha akageuka, akamtazama Konda usoni. Alikuwa hajamtazama hivyo kwa muda mrefu.

"Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Baba yako alikuwa anashika kifua. Wiki mbili nzima. Akipanda ngazi anasimama, anajifanya anatafuta funguo. Nikamwuliza. Akasema ni uchovu, nisikutie hofu, nisimwambie mtu, Jumatatu ataenda hospitali. Nami nikanyamaza." Sauti yake ilikuwa kavu. "Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mzuri aliyezoea kubandika tepu. Amekufundisha taa zote za gari, mwanangu, ya kwake mwenyewe akaifunika."

Konda alikuwa anatazama mikono yake.

"Taa haiharibu gari," Mama aliendelea. "Unaiogopa, unaichukia, unatamani izime. Lakini yenyewe inasema ukweli tu, tena inausema mapema, wakati bado kuna la kufanya. Ukiifunika, hujaondoa tatizo, umejiondoa wewe. Ni afadhali uniletee habari mbaya Jumatatu kuliko uniletee moshi Alhamisi. Hata kama nitakasirika. Nikasirike, kisha tutengeneze. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na hili si la gari tu. Mimi na wewe tuna miezi minne tumebandika tepu. Nakuuliza hujambo, unasema sijambo. Unaniuliza, nasema sijambo. Nyumba nzima haina mtu anayeumwa." Akaacha kuizungusha pete. "Konda, hujambo?"

Konda alitaka kujibu. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia. Lakini pua yake ilikuwa bado imejaa ile harufu, na galoni lilikuwa pale sakafuni, la plastiki, lina bei ubavuni, na Baba hakuwemo ndani yake wala garini wala popote. Kitu kilianza kumchoma kifuani, hapa na pale, mchomo baada ya mchomo, jinsi mguu uliokufa ganzi unavyochoma damu inaporudi. Kiliuma sana.

"Sipo sawa, Mama," alisema, na akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto wa miaka mitatu, kichwa kifuani kwa mama yake, naye Mama alimshika na kulia juu ya nywele zake. Fundi aliongeza sauti ya redio, akajiingiza chini ya dashibodi na kukaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

*

Gari lilikuwa tayari mchana wa siku ya pili. Fundi alikuwa amebandua vile vipande vya tepu vyote viwili, na ile taa ya mifuko ya hewa ameishughulikia. Ilikuwa ni waya tu uliolegea chini ya kiti. Kazi ya nusu saa, alisema, iliyosubiri mwaka mzima.

Jumatatu asubuhi Konda aliingia garini. Zulia lilikuwa kavu. Alivuta pumzi: sabuni, vumbi, viti vya zamani. Hapakuwa na kitu kingine. Halafu akanyoosha mkono na kukisukuma kile kishikio kushoto, hadi mwisho.

Mama alifungua swichi. Taa zote za dashibodi ziliwaka kwa pamoja, kama wanafunzi wanaoitikia majina yao. Akawasha injini, zikazima moja moja. Ikabaki ya buluu.

"Haka hapa!" Mama alisema, akatabasamu kidogo. Hewa ya nje ikaingia, ina ubaridi na harufu ya majani yaliyolowa, na kioo cha mbele kikabaki safi kutoka pembe hadi pembe.

Kabla ya kutia gia, Mama aligeuka. "Hujambo, Konda?"

Konda alifikiri kwanza. Alijitazama ndani jinsi Baba alivyomfundisha kutazama dashibodi, bila haraka.

"Ya njano, Mama," alisema. "Si nyekundu. Ya njano."

"Yangu pia," Mama alisema. "Jioni tutakaa tuisikilize."

Akatia gia, wakaenda kumchukua Mzee Sindano.